Nilivyokwenda London Kumwita Kitunguu Kwenye Sumo

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi Bakari. Hilo mnalijua, na kama kuna asiyelijua hapo barazani basi huyo ni mgeni. Mimi nilianza na pampu ya mkono na kopo la gundi, naziba pancha za baiskeli kwenye jua la Ngamiani. Darasa la nne nililiacha njiani, na leo ukitaka tairi la lori hapa Tanga, hata aliyesoma chuo kikuu atakuelekeza kwangu. Nimeona tairi likipasuka likamtupa fundi juu ya bati. Nimeona mengi. Mtu wa namna hiyo hashangai.

Sasa tangu nirudi, kila jioni ni "Bakari, huko Ulaya kulikuwaje?" Nikianza tu, mmoja anadakia, mwingine anacheka, kahawa inapoa, hadithi inakatika. Nimeamua kuandika. Mwenye kujua kusoma awasomee wenzake. Habari za viza na makaratasi nimeziruka, hazina utamu.

Kabla ya kuondoka Tanga

Ugonjwa wangu wa sumo mnaujua. Wateja wanataka mpira kwenye runinga ya dukani, mimi nawawekea sumo, asiyetaka akanunue tairi kwingine. Watu wawili wamefunga mikanda, wanaingia kwenye duara la udongo, atakayegusa chini kwa kitu kingine kisichokuwa nyayo, au akatoka nje ya duara, kashindwa. Chai hujaikoroga, mchezo umekwisha. Nyinyi mnasema ni wanene wanasukumana. Unene si hoja. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi ndilo linalopasuka kwanza. Hoja ni kiuno.

Mama naye alikuwa akija dukani kukaa nami. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni sura ya mtu, anaona kivuli na mwendo. Siku moja akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Bakari, huyo ni Shabani."

Shabani ni mdogo wetu wa mwisho. Mama alimwita Kitunguu tangu siku ya kuzaliwa, kwa kile kichwa chake cha duara. Alipanda meli za uvuvi za huko Mashariki ya Mbali, akawa baharia, akawa anatuma salamu, kisha salamu zikakatika. Wakala alisema alishuka bandari fulani na hakurudi melini. Miaka imepita mingi. Wazee wakasema tumsomee hitima, mama akakataa. Na mama akikataa, Mwanaidi, mkewe Shabani, anabaki vilevile: si mjane, si mke. Alikuja kuchumbiwa na mwalimu mmoja mstaarabu, akamjibu, "Mpaka mama aseme." Mvi zimeanza kumtoka mle chumbani mwake.

Nikamwambia, "Mama, huyu wa mkanda wa zambarau ni Mjapani. Mweupe, mnene, mtoto mdogo."

"Uso siuoni. Mwendo nauona. Nani alimfundisha kutembea, wewe au mimi?"

Na kweli, jamaa kabla ya kuchuchumaa alikuwa anavuta mguu wa kushoto juu ya udongo, kama anafagia. Shabani alifagia hivyohivyo tangu alipoanguka kwenye mfenesi. Ikasikika kwamba hao wanamieleka watakwenda kupigana London, na London tunaye dada yetu Zuhura. Mama akatoa amri.

"Nenda ukamwite jina la nyumbani. Umwite mara mbili, ajue ni mtu. Anayeita mara moja ni shetani. Akiitika, mlete. Mimi simsomei hitima mtu ninayemwona anatembea."

Nikaenda. Nilijiambia nakwenda kutalii, na mama nitamridhisha tu.

Woolwich

Ya ndegeni hayana maana. Walinipa chakula cha mtoto mchanga, nikaomba cha pili, dada wa ndege akadhani nimeletewa kibovu, akaomba radhi mpaka nikaona haya.

Zuhura anakaa Woolwich, anatunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi. Sokoni kwao nikajiona niko nyumbani: Mkongo anauza mihogo, mama wa Kinigeria ananigombeza kwa kuminya ndizi zake, na mzee mmoja amekaa na redio, hauzi chochote. Zuhura alipika ugali na mlenda, nikamwambia London haina kitu, akanicheka.

"Kaka, subiri. Hii nchi ina mambo yake. Wazee wangu kule kazini wanazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Zamani nilikuwa nageuka kuangalia. Siku hizi sigeuki."

"Mimi siogopi vya kizungu."

"Sijasema ni vya kizungu," akasema, akaniongezea mlenda.

Chini ya ardhi

Siku ya mchezo Zuhura alinisindikiza mpaka Paddington kabla ya shifti yake. Treni ile ni safi, inakwenda kama maji, watu wote kimya, kila mtu na simu yake. Nikawasalimia niliokaa nao. Mmoja akahama kiti. Zuhura akanifinya.

Kisha tukasimama katikati ya handaki. Taa zikapungua. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeinua kichwa. Kwetu basi likisimama hivi dakika moja tu, kondakta kashatukanwa ukoo mzima. Hapa watu wamekaa kama picha. Kioo mbele yangu kikageuka cheusi na ndani yake nikajiona mimi, nikamwona Zuhura, na kati yetu kiti kitupu. Sijui kwa nini nilikitazama sana kile kiti.

"Kaka," Zuhura akasema kwa sauti ya chini, "hata akiwa ni yeye, mwambie mama si yeye."

"Una wazimu?"

"Kama yu hai na hakutuandikia miaka yote hii, basi hatutaki. Na kama amekufa, Mwanaidi anazeeka bure. Kwa vyovyote vile, jibu ni moja."

"Mimi ni mtu wa kuona kwanza."

"Ona. Kisha sema si yeye."

Treni ikashtuka, ikaondoka. Hakuna aliyesema hata alhamdulillahi.

Kukata bustani

Nje ya kituo cha Paddington Zuhura alininyooshea mkono. Nikate bustani, nikitoka upande wa pili nitauona ukumbi, mkubwa, wa duara, siwezi kuukosa. Hakunipa habari ya ukungu. Ulikuwa umeshuka mpaka magotini, miti imesimama humo kama watu wanaongoja kuitwa majina.

Nikatembea. Majani makavu chini, mekundu, mengi. Mbele yangu nikasikia mtu anatembea na kuvuta mguu. Krr. Kimya. Krr. Kimya. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakwenda. Mimi nimewahi kulala peke yangu gereji na mwizi amejificha chini ya gari, nikamtoa kwa spana. Lakini pale sikutafuta spana, nilitafuta njia.

Nikaharakisha. Ukungu ukafunguka kidogo, nikamkuta mzee wa manispaa anakokota majani kwa reki. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikampa shikamoo. Akajibu kitu kirefu cha Kiingereza, nikacheka ili niwe salama, akacheka pia. Tukaachana. Nilipofika mbali kidogo nikasikia tena krr, krr, safari hii upande wa kulia. Mzee nilimwacha kushoto. Sikugeuka.

Ndani ya ukumbi

Jamani, runinga inawadanganya. Ndani kuna giza, viti vimezunguka na kupanda juu mpaka shingo inauma, na chini kabisa, kwenye mwanga, duara la udongo kama mdomo wa kisima. Juu yake limening'inia paa zima la nyumba, halina nguzo hata moja. Nyumba imeondoka, paa limebaki.

Kwenye kiti cha jirani alikaa Singasinga mmoja mnene, kilemba cha buluu, anakula sambusa za mfukoni. Aliposikia nasema "Lahaula" akageuka.

"We! Unatoka wapi?"

"Tanga."

"Mimi wa Kisumu, bana! Baba alikuwa fundi wa reli. Naitwa Gurdip, sasa nakaa Southall. Hii kofia yako nyeupe niliona kutoka mbali nikasema, huyo si wa hapa."

Tukawa ndugu hapohapo. Mtu wa kwanza London kucheka kwa sauti. Alininunulia kijisanduku cha chakula, wali baridi umefunikwa samaki mbichi. Nikauliza jiko limezimika? Akacheka mpaka akapaliwa. Nikala sambusa zake.

Pambano moja lilimkutanisha mdogo mwembamba na jitu kama kontena. Gurdip akasema, "Huyu mdogo ameisha." Nikamwambia, "Tazama kiuno." Mdogo akaruka pembeni, kontena likapita, likaangukia watu wa mstari wa mbele, Wazungu na miwani yao. Ukumbi ukalipuka. Nilisimama nikapiga kelele kama nimefunga mimi. Gurdip akanipa sambusa ya mwisho bila maneno.

Lakini kuna kitu runinga haiwaonyeshi. Kabla ya kila pambano mtu anapanda na upepeo, anaita majina kwa kuvuta, sauti nyembamba, ndefu, inapanda na kushuka. Kwetu mtu haitwi hivyo ila anapotakiwa kitini, kwa ubani na ngoma, naye si mtu, ni pepo. Kisha wanatupa chumvi. Wanainua mguu mmoja juu, wanaukita, na kishindo unakisikia kwenye mbavu. Kelele zote, halafu ghafla maelfu ya watu wanavuta pumzi pamoja na hakuna sauti. Ni wakati huo ndipo wanapoinama kushika udongo.

Mkanda wa zambarau akapanda.

Akasukutua maji. Akatupa chumvi. Akaja kwenye mstari, na mguu wake wa kushoto ukafagia udongo. Krr. Nilikuwa mbali, msiniambie sikusikia. Mwendo ule, mabega yale, namna ya kuinamisha shingo kama anayepita mlango mfupi. Mama hakukosea hata kidogo.

Ukumbi ukanyamaza. Mkono wake mmoja ukagusa chini. Nikasimama.

"Kitunguu!"

Nilitaka kuita mara ya pili. Wallahi nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Yule mtu aliinua kichwa. Hakuniangalia mimi. Aligeuza shingo taratibu, akatazama nyuma yake, kwenye pembe tupu ya ulingo. Akatazama pale kwa muda. Mwamuzi akamsemesha, ikabidi waanze upya. Walipoanza, alisukumwa nje kama gari lisilo na breki.

"Umemharibia jamaa yangu!" Gurdip akanivuta nikae. "Na hiyo kitunguu ni nini? Unauza mboga?"

Nikamweleza yote, pale pale. Akaacha kutafuna.

"Twende mlango wa nyuma," akasema. "Basi lao hupita huko. Ukamwone kwa karibu, umalize hii maneno."

Mlango wa nyuma

Jua lilikuwa linakwenda zake na manyunyu yameanza. Mashabiki wamejipanga na simu mkononi. Wakatoka mmojammoja, kanzu nyepesi za pamba, ndala za mbao, na harufu tamu ya mafuta ya nywele inawatangulia.

Wa mkanda wa zambarau akatoka, nikamwona kama ninavyowaona nyinyi barazani. Mtoto mdogo! Ana chunusi kidevuni. Shabani leo angekuwa na upara. Kifua changu kikashuka, na wakati huohuo kikauma. Nikajisemea, kazi imekwisha, si yeye, na wala sitasema uongo kwa mama.

Kumbe yeye aliiona kofia yangu. Akasimama. Akasema neno kwa mama mmoja mkalimani aliyefuatana naye, yule mama akaligeuza Kiingereza, Gurdip akaligeuza Kiswahili.

"Anasema wewe ndiye uliita."

"Mwambie anisamehe, nimemponza."

"Hajakasirika. Anauliza, mwenzako ni nani?"

"Si wewe?"

Gurdip akawaambia. Kijana akatikisa kichwa. Wakasemeshana tena, na nikaona uso wa Gurdip unabadilika.

"Anasema si yeye. Anasema wewe uliita kutoka huko juu. Na mtu alikuwa nyuma yake, karibu sana, akakujibu. Ndiyo maana aligeuka. Anataka kujua yule mtu aliingiaje ulingoni."

"Alijibu nini?"

Swali likasafiri mpaka kwa kijana. Akaona haya kidogo, akafumba macho kukumbuka, na sauti akaitolea puani, akaivuta, mwishoni akaiangusha kama mtu anayetua ndoo.

"Naaaam."

Ndugu zangu, "naam" huitika kila mtu. Ile haikuwa ya kila mtu. Nimelala chumba kimoja na sauti ile utoto wangu wote. Mama alikuwa akimchapa Shabani kwa kanga kwa sababu yake: "Unaitika au unalia kama ndama?" Na Mjapani huyu, ambaye hajawahi kukanyaga Tanga, aliitoa vilevile, na pua yake, na ndoo yake.

Kijana akaniinamia kwa heshima, akapanda basi. Nilibaki na mkono wangu hewani.

"Pengine kulikuwa na mtu wa Mombasa huko chini," Gurdip akasema.

"Pengine."

"London iko na watu wengi, bana."

"Kweli."

Akanivisha skafu yake. Nikageukia bustani, akanishika kiwiko. "Hapana. Tuzunguke barabarani, kwenye taa." Alinifikisha mpaka kwenye treni yangu, na yeye treni yake ilikuwa inakwenda upande mwingine.

Woolwich tena

Zuhura alinifungulia mlango na mwiko mkononi. "Ni yeye?"

"Si yeye. Ni kitoto."

"Alhamdulillahi!" Kisha nikamweleza yaliyobaki, mwiko ukamdondoka. Alikaa kwenye ngazi.

"Kaka, hilo la sauti usimpelekee mama. Ukimwambia ameitika, atasema yu hai. Mwanaidi atafia mle chumbani, na dhambi ni yako."

Nikaapa sitasema.

Tanga

Mama alikuwa ameketi kitandani, ananingoja tangu aliposikia mlango wa gari. Mwanaidi aliingia na kahawa, akasimama pale penye pazia, hakutoka.

"Umemwona?"

"Nimemwona mama. Si Shabani. Kijana mdogo, Mjapani kabisa."

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Mara mbili?"

"Mara moja tu. Sauti ilinikauka."

Mama akapapasa shuka, akakunja pindo lake, akalikunjua.

"Akaitika nani?"

Hakuuliza kama kuna aliyeitika. Aliuliza nani. Mimi ninayemuuzia tairi askari wa barabarani kwa bei ninayotaka, bila kupepesa jicho, nilishindwa kumdanganya kikongwe asiyeona. Nikafumba macho kama yule kijana, nikaitoa. Naaaam. Nilisikia vikombe vinagongana kwenye sinia la Mwanaidi.

"Ilitoka wapi?"

"Nyuma yake. Palikuwa hapana mtu."

Nikangoja aseme, niliwaambieni yu hai. Nikamtazama Mwanaidi, naye anatazama sakafu.

Mama akavuta pumzi ndefu. "Kitunguu wangu, alipokuwa hai, hakupata kuitika mara ya kwanza. Hata siku moja. Nilikuwa namwita mpaka nachoka, mpaka nachukua kanga." Akajifuta macho yale yasiyoona. "Aliyeitika mara moja amekwisha kuwa wa huko. Ameacha ukaidi, mwanangu. Mwanaidi, weka hilo sinia, njoo hapa unishike. Na wewe Bakari unasimama nini? Nenda kwa mwalimu wa madrasa ukapange hitima."

Hitima mliisoma nyinyi wenyewe, na pilau mliila nyinyi wenyewe, wengine mara mbili, nimewaona. Mwanaidi akaingia eda jioni ileile. Nauli, kiti cha ukumbini, treni, zawadi za Woolwich, skafu mpya niliyomtumia Gurdip, mbuzi wawili, mchele, ubani na posho ya walimu, sanda haimo kwa kuwa hapakuwa na wa kumvisha: shilingi milioni nane, laki sita, elfu arobaini na tatu na mia tano.